Kabaini ya risasi za bastola: nimeishi nayo miaka sita Texas, sasa niko Mtwara, haya ndo maoni yangu

Wakubwa shikamooni, na wengine habari za muda huu.

Mjomba wangu anakaa Nanyamba, huku huku mkoa wa Mtwara, na kila nikienda kumsalimia hatujamaliza hata kujuliana hali ananiambia "We mpwa, ile bunduki yako ya Marekani kwa nini hukuja nayo?" Juzi kaniuliza tena mbele ya watu, ikawa kila mtu anataka kujua, inapigaje, inabeba risasi ngapi, huku inaruhusiwa au hairuhusiwi, na kuna kijana mmoja akasema angekuwa nayo yeye asingehangaika hata kujenga ukuta. Hilo la ukuta ndo limenifanya nikae niandike. Ile bunduki nimeishi nayo miaka sita, najua uzuri wake na ubaya wake, na naipenda kusema kweli, ila mtu akiniambia inatosha kulinda nyumba yake ya Mtwara namwambia hapana, subiri nikueleze.

Kwanza tuelewane ni bunduki gani. Kabaini ni jina la zamani la bunduki fupi, walikuwa wanapewa askari wapanda farasi maana raifo ndefu inasumbua ukiwa juu ya farasi. Hii ninayoongelea mimi inakula risasi ya bastola, milimita 9, ile risasi aliyoibuni Georg Luger kule Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1900 na mpaka leo ndo imejaa kwenye bastola za polisi wa nchi nyingi. Kwa hiyo umbo ni la raifo, kitako kinakaa begani, mkono mmoja uko kwenye triga na mwingine umeshika mbele chini ya mtutu, ila inachotema ni risasi ya bastola. Ziko aina nyingi, Ruger wana PC Carbine, Beretta walitoa Cx4 Storm, CZ wana Scorpion, Kel-Tec wana SUB-2000 ambayo inakunjika katikati unaiweka kwenye begi la mgongoni. Kule mtutu wa raifo ya raia haushuki chini ya inchi 16, sheria yenyewe ni ya tangu 1934 ingawa hicho kipimo cha 16 kilikuja baadaye, ukitaka mfupi zaidi unaingia kwenye usajili mwingine wa serikali kuu na makaratasi yake. Yangu sitaitaja ni ya kampuni gani kwa sababu nitaisema na mabaya yake humu.

Sisi tulikuwa tunakaa Katy, magharibi ya Houston, ile mitaa ambayo nyumba zote zinafanana, gereji mbele, nyasi, uzio wa mbao nyuma. Mimi nilikuwa naendesha lori la masafa, wiki mbili niko barabarani wiki moja niko nyumbani, mke wangu anabaki na watoto wawili. Msimu mmoja wakavunja gereji mbili mtaani kwetu ndani ya mwezi, mimi niko Arizona nalala kwenye lori, mke wangu ananipigia usiku anasema amesikia kitu. Unamwambia nini mtu aliyeko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka ulipo? Nikirudi nikanunua bastola. Mimi nilikuwa na grini kadi kwa hiyo kununua haikuwa kazi, unaenda duka lenye leseni, unajaza fomu inaitwa 4473, wanaingiza jina lako kwenye mfumo wa FBI kuangalia kama una makosa, yangu ilichukua kama robo saa, unalipa unaondoka. Huku mtu akisikia hivyo haamini, lakini ndivyo kulivyo.

Tatizo likawa mke wangu. Kazi yake ilikuwa kuhudumia wazee, kuwanyanyua kitandani, kuwageuza, viganja vya mikono vimechoka. Bastola ili uweke risasi kwenye chemba, pale inapokaa tayari kufyatuliwa, lazima uvute ile sehemu ya juu kwa nguvu irudi nyuma halafu uiachie, na springi yake ni ngumu, anavuta inafika nusu inamponyoka. Akifyatua anafumba macho kabla ya mlio. Tukaenda kwenye uwanja wa kulenga shabaha, mwalimu katundika sahani ya karatasi umbali wa mita 7 tu, yaani kama kutoka mlango wa sebule mpaka geti la nyumba za kawaida hapa Chuno, mke wangu kapiga risasi kumi, sahani imepata mbili, na zote mbili pembeni kabisa. Nikamwona uso umebadilika. Siyo kwamba aliogopa bunduki, alikuwa anawaza hizo nane nyingine zimeenda wapi, na mimi nikawa nawaza hivyo hivyo maana nyumbani nyuma ya sahani kuna watoto.

Yule mwalimu, mama mtu mzima mwenye mvi, hakusema kitu, kaenda stoo karudi na kabaini. Kamwonyesha kitako kinavyoingia kwenye ule mfuko wa bega, shavu linavyolala juu yake, kamwambia egemea mbele kidogo kama unasukuma kabati. Juu imefungwa kile kioo chenye nukta nyekundu, hakuna kuoanisha vitu viwili vya kulengea, unaweka nukta kwenye unachotaka basi. Kuvuta ile komeo ya pembeni, inayoingiza risasi kwenye chemba, aliweza kwa mkono mzima siyo vidole viwili. Kapiga ya kwanza taratibu. Akanyamaza, akapiga tena. Risasi kumi, tisa ziko ndani ya sahani na sita kati ya hizo unazifunika kwa kiganja. Kageuka akaniambia "Hii imetulia." Nina mwaka wa nne sasa niko huku lakini nikiulizwa uzuri wa kabaini ni upi nalikumbuka hilo neno lake, sijapata lingine la kulishinda.

Na sababu yake iko wazi. Bastola unaishika na viganja tu, mkono ukitetemeka kidogo na yenyewe inatetemeka, na usiku mtu umeamshwa ghafla moyo unakimbia hakuna asiyetetemeka. Kabaini imeshikwa sehemu nne, mikono miwili, bega na shavu. Halafu ina kama kilo 3, ule uzito unameza teke la risasi ndogo. Tulijaribu na shotigani ya geji 12 maana watu wengi kule wanasema ndo mfalme wa nyumba, mke wangu kapiga tatu akaniambia hii sitaki tena, kesho yake bega lina alama ya kuvia damu. Mtu ambaye hataki kuishika bunduki hatafanya mazoezi, na asiyefanya mazoezi bora asiwe nayo kabisa.

Kingine ni risasi. Za milimita 9 ndo za bei rahisi kule kuliko nyingi, na baadhi ya kabaini zinakula magazini (kile kiboksi cha risasi unachochomeka) ile ile ya bastola, mfano zile zinazopokea magazini za bastola za Glock, kwa hiyo nyumba nzima mna risasi ya aina moja, magazini aina moja, hakuna kuchanganya gizani. Na ule mtutu mrefu unaiongezea mwendo, risasi nyepesi ya milimita 9 ambayo kwenye bastola inatoka na karibu mita 350 kwa sekunde, kwenye inchi 16 inafika karibu 400. Faida ipo lakini msidanganyane, haigeuki kuwa raifo, risasi ya AR-15, ile raifo iliyojaa kwa raia kule, inatoka na zaidi ya mita 900. Anayekuuzia kabaini akakwambia ina nguvu ya raifo huyo anataka hela yako.

Haya sasa mabaya. La kwanza linawashangaza wengi, teke lake ni kubwa kuliko unavyotegemea kwa risasi ndogo vile. Bunduki nyingi za aina hii hazina kufuli ya kubana komeo wakati risasi inalipuka, kinachoizuia ni uzito wa komeo lenyewe na springi, basi. Kwa hiyo wanaweka chuma kizito, kile chuma kinaruka nyuma kinagonga kinarudi mbele kinagonga, unakisikia kabisa begani, siyo maumivu, ni mtikiso, nukta inaruka inabidi uisubiri irudi. Ziko za bei kubwa zenye mfumo wa kuchelewesha komeo, zile laini kweli, ila bei yake mimi nilikuwa nasomesha watoto.

La pili, yangu ilikuwa inachagua chakula. Risasi za ncha ya mviringo inameza zote, ukiweka zile za kichwa chenye shimo, ambazo ndo wanashauri za kulinda nyumba kwa kuwa zinapanuka zikigonga, aina moja ilikuwa inakwama kwenye mlango wa chemba. Kila magazini mbili inakwama moja. Nimeandika kampuni jibu likachukua wiki tano na halikusaidia. Nilikuja kuona kwa kujaribu mwenyewe, nikanunua aina tatu za risasi boksi boksi, moja ikapita risasi 200 bila kukwama hata mara moja, ndo nikabaki nayo. Kwa hiyo mwenye kununua kule asikilize hapa, usiweke kitandani bunduki ambayo hujaipigia risasi zile zile utakazoziacha ndani yake. Hela ya risasi 200 inauma lakini hiyo ni sehemu ya bei ya bunduki, ihesabu toka mwanzo.

Mlio nao. Watu wanasema kabaini ina mlio mdogo. Ni mdogo kuliko AR-15 ndani ya chumba, hiyo kweli, na ule mwali wa moto mdomoni ni mdogo kwa sababu baruti inamaliza kuungua ndani ya mtutu. Lakini bado ni zaidi ya desibeli 140, na hapo ndo sikio linaanza kuumia kwa mlio mmoja tu. Sisi tuliweka zile headifoni za kielektroniki juu ya kasha la bunduki, zinaziba mlipuko lakini unasikia mtu akiongea.

Sasa nije kwenye jambo lililoniumiza kichwa kuliko yote. Nyumba za kule kwa ndani siyo tofali. Ni mbao za kusimama halafu jipsam bodi huku na jipsam bodi huku, zile zile tunazopiga sisi darini, unene wa nusu inchi. Ukigonga ukuta unasikia utupu ndani. Nikawa najiuliza risasi ya bastola si ndogo, itaishia wapi? Wauzaji wengi wanakwambia milimita 9 ni salama zaidi ndani ya nyumba kwa kuwa haipiti sana. Mfanyakazi mwenzangu mmoja ana shamba nje ya mji, tukaenda Jumamosi na vipande vya bodi vilivyobaki alipokarabati jikoni, tukatengeneza kuta nne, kila moja bodi mbili na nafasi katikati kama ukuta halisi, kuta zenyewe tukaziachanisha hatua mbili mbili, na mwisho kabisa tukaweka galoni la maji juu ya gogo. Nyuma yake kilima cha udongo.

Nimepiga moja ya ncha ya mviringo. Galoni limepasuka. Nikasema labda hizi za kichwa chenye shimo zitakuwa tofauti, nikapiga moja, galoni la pili nalo likapasuka vile vile. Tukaenda kukagua bodi moja moja, matundu madogo ya mviringo, masafi kabisa kama umetoboa na penseli, mpaka kwenye bodi ya nane. Tukaikuta ile risasi kwenye udongo, lile shimo la kichwani limejaa unga mweupe wa jipsam, limeziba, kwa hiyo haikupanuka, imepita kama ya kawaida. Mimi nilikaa kimya, ile risasi nimeishika mkononi, nikahesabu. Kutoka mlango wa chumba chetu mpaka kitanda cha binti yangu ni kuta mbili.

Watu watashangaa lakini ile ya AR-15 ambayo ina nguvu zaidi, kwa kuwa ni nyepesi na ya kasi, nyingi zinapinduka na kuvunjika mapema zikigonga bodi. Nazo zinapita, hakuna risasi ya kumzuia mtu ambayo itazuiwa na jipsam. Ila ule msemo kwamba kabaini ya bastola haipiti kuta ni uongo, na ni uongo unaoweza kuua mtoto wa mtu.

Toka siku hiyo hatukuongelea tena bunduki ipi, tukaanza kuongelea unasimama wapi. Nyumba yetu ukuta wa nje wa upande wa magharibi ulikuwa na matofali ya kuchoma kwa nje, nikamwonyesha mke wangu kona moja ya chumba ambayo ukisimama pale ukielekeza mlangoni, nyuma ya mlango ni ule ukuta wa matofali, hakuna chumba cha mtu. Watoto wakisikia neno fulani wanakuja chumbani kwetu kupitia mlango wa bafu. Simu, 911 ile namba ya dharura ya kule, unakaa pale pale, hutoki kwenda kutafuta mtu. Na hapo kabaini inaonyesha udhaifu wake mwingine, inataka mikono miwili. Ukiwa umebeba mtoto, au umeshika simu, au unafungua mlango, bastola inafanya kazi, kabaini unahangaika nayo, mtutu unagonga fremu ya mlango. Ukiwa umetulia kona yako, ni nzuri sana. Ukitaka kutembea nayo nyumbani kwa vyumba vidogo, hapana.

Ilikaa kwenye kasha la chuma la kubonyeza namba, limefungwa kwa bolti sakafuni ndani ya kabati, magazini imechomekwa chemba iko tupu. Namba tulizijua wawili tu. Miaka sita haijawahi kutoka pale usiku kwa shida ya kweli, inatoka kwenda mazoezini na kufanyiwa usafi, namshukuru Mungu kwa hilo.

Tuliporudi 2022 niliirudisha kwa duka wakanipa karibu nusu ya bei. Mjomba anadhani ningeweza kuikunja nikaiweka chini ya mashuka kwenye kontena. Mjomba nakuheshimu lakini hapana, kuingiza silaha nchini bila kibali ni jela, hakuna mjadala. Huku kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, leseni inatolewa na polisi, lazima uwe umefika miaka 25, uthibitishe unajua kuitumia, na maombi yanapita kwa watu wanaokufahamu kuanzia mtaani kwako. Mimi naona ni sawa kabisa. Yule mwenyekiti wa mtaa anajua nani analewa, nani anapiga mke, yule wa FBI kule haoni hayo.

Ila tuseme hata ingeruhusiwa, ingenisaidia nini? Nimejenga njia ya Naliendele, kiwanja kina mikorosho minne niliyokataa kuikata. Kuta ni tofali za saruji, za ndani na za nje. Risasi ya milimita 9 ukiipiga ndani ya chumba cha tofali haipiti kwa jirani kama kule, inagonga ukuta inavunjika au inaruka na kurudi kwenye sakafu ya vigae, na wewe umo humo humo. Dirisha la jirani liko mita sita, na madirisha yetu kwa joto la Mtwara usiku yapo wazi, wavu wa mbu tu. Halafu jiulize mwizi wa huku anakujaje. Kule anavunja mlango wa mbao kwa teke moja yuko sebuleni, sekunde kumi nyingi, ndo maana wanafikiria bunduki, kwa sababu mlango wao haukupi muda. Wa huku anakuja saa nane, hana haraka, anazunguka nyumba, anakata wavu, anavua vitu vyako dirishani kwa mwanzi mrefu.

Mwaka juzi mwezi wa kumi na moja walituvulia. Msimu wa korosho, minada inaendelea, watu wamelipwa, na huku kila mtu anajua msimu huo vibaka wanaongezeka. Nilishtushwa na mbwa. Nikafungua macho, kwenye mwanga wa nje nikaona mwanzi mrefu unaingia dirishani taratibu, mbele umefungwa waya uliokunjwa kama ndoano, unapita juu ya miguu yangu kabisa unatafuta mkoba wa mke wangu uliokuwa kwenye kiti. Ule mwanzi ulikuwa umepakwa kitu, nadhani grisi, ukiushika unateleza. Muda huo huo ile taa ya sola ya kona, yenye kuhisi mtu, ilikuwa imeshawaka ndo maana niliweza kuona. Nilichofanya ni kupiga kelele tu, mke wangu naye akapiga yowe, mwanzi ukaachiwa ukaanguka juu ya chandarua, nikasikia miguu inakimbia kwenye majani makavu ya mikorosho.

Fikirieni hapo ningekuwa na ile kabaini. Ningepiga wapi? Dirishani, gizani, upande wa kwa jirani, mtu ambaye mkononi ana mwanzi. Kanuni ya Adhabu inakuruhusu kujitetea wewe na mali yako, lakini nguvu iendane na hatari, mwanzi wa kuvulia mkoba siyo hatari ya kuua mtu. Na majirani walikuwa wameshatoka na marungu dakika hiyo hiyo, mzee wa nyumba ya pili yuko uani kwangu na tochi, ningeweza kumpiga yeye. Nawashukuru sana waliotoka, na nashukuru zaidi kwamba yule mwizi hawakumkamata, maana mnajua yowe la mwizi linaishaje, na mimi sikutaka mtu achomwe kwa ajili ya mkoba.

Kwa hiyo kwa nyumba ya huku nipeni grili. Zangu za mwanzo fundi alichomelea kwa nje na nondo nyembamba za milimita 8, tumezitoa, tumeweka za milimita 12, zimeingia ndani ya ukuta kabla ya plasta, na mapengo madogo mkono haupiti, dirisha moja ilinitoka laki moja na ishirini. Kiti na meza visikae karibu na dirisha, hiyo haina gharama. Taa ya sola ya kwanza nilinunua elfu 35 pale mjini, ikafa baada ya miezi minne, maji yaliingia, chumvi ya bahari huku inakula kila kitu, ya sasa ni ya elfu 85 inaingia mwaka wa pili, na ile ndo iliniokoa usiku ule, na hata Tanesco wakikata umeme inawaka vile vile. Mbwa wa kawaida wa kienyeji, chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka, ugali na dagaa. Namba 112 ya polisi ipo kwenye simu zetu wote na namba ya kibao cha nyumba tumeiandika ukutani karibu na mlango, maana tangu vibao vya anwani za makazi vije 2022 unaweza kuelekeza mtu bila kusema ukifika kwenye mwembe mkubwa kata kushoto.

Walioko Marekani wenye nyumba za jipsam na mke au mama mwenye mikono iliyochoka, wala sibadilishi kauli, mchukulie kabaini, afanye nayo mazoezi, mtafute ile kona.

Mjomba mwenyewe ana shotigani ya leseni, ya miaka mingi, ya nguruwe pori wanaomaliza mihogo na nyani. Nilipomwelekeza mambo ya kule nikamuuliza yake anaiweka wapi, akanyamaza kidogo kisha akaniambia chini ya godoro, na wajukuu saba wanalala nyumba ile. Sikumjibu pale. Wiki iliyofuata nikamchukua yule yule fundi wa grili, tukaenda Nanyamba na bati nene, akatengeneza kasha refu lenye bawaba za ndani, tukalifunga ukutani kwa bolti nne nyuma ya mlango wa chumba chake, na kiboksi kidogo cha risasi mbali kabisa, chumba kingine, na kufuli lake. Laki na themanini jumla na nauli. Ufunguo mjomba kaufunga kwenye kamba kiunoni, chini ya msuli, na juzi nilipoenda hakuniuliza tena habari ya bunduki ya Marekani, alinyanyua shati akanionyesha ufunguo.